Kabla au baada?

Leo Ijumaa, na tangu Jumapili nabishana na binti wa kaka kichwani mwangu, ilhali mwenyewe hayupo hapa. Wiki hii ofisi imehamia ghorofa ya pili, wifi amejifungua mapacha salama (asanteni kwa maombi), na mkuu mpya ameripoti. Yote hayo yamenipita tu. Mimi bado nimekaa pembeni ya kitanda chake, nikitazama rundo la mashati.

Alikuwa anakunja nguo. Mnamjua, hakunji kama sisi wengine: shati analilaza kifudifudi, mkono huu juu ya ule, kisha anapitisha kiganja kama pasi. Nilisubiri hadi afike shati la tatu.

"Mwanangu, nimekuombea. Bwana amesema nami. Amesema usiende."

Hakuinua macho. "Amesema lini, shangazi?"

"Alfajiri ya leo."

Kiganja kikapita juu ya kola. "Hiyo kazi nimeiomba tangu mwezi wa pili na ulikuwa unajua. Jana jioni ndiyo nimekuambia nimeipata. Sasa alikuambia kabla ya jana, hata mara moja? Au ni baada?"

Na mimi, mtu mzima, mwalimu wa darasa la ubatizo miaka 11, nikamjibu: "Kwa Mungu hakuna kabla wala baada."

"Sawa, shangazi." Akachukua shati la nne.

Kuna sawa ya kukubali, na kuna sawa ya mtu anayefunga mlango polepole ili mgonjwa asiamke. Hii ilikuwa ya pili.

Jumatatu yote nilikuwa na hasira. Nani kamfundisha mtoto huyu kumhoji mtu aliyeletewa neno? Nikiwa naosha vyombo ndipo nikakumbuka ni nani. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 4, mstari wa kwanza: "Wapenzi, msiiamini kila roho, bali zijaribuni hizo roho." Darasa zima nililikaririsha, naye alikuwa benchi la mbele. Nilimpa alama zote.

Jumanne nikafungua Biblia, na niseme ukweli, sikwenda kutafuta mwanga, nilikwenda kutafuta mawe. Nikalipata moja zuri: Yeremia 42. Watu wanamwendea nabii kumwuliza waende au wasiende, na jibu linakuja: msiende Misri. Nilishaanza kumwandikia ujumbe, mstari wa 19 nimeunukuu kabisa, ndipo jicho likarudi juu kwenye mstari wa 7. Neno la Bwana lilimjia Yeremia baada ya siku 10. Siku kumi! Watu wana hofu, wanasubiri, na nabii amekaa kimya kwa sababu hajaambiwa kitu. La kwangu lilifika usiku uleule, kabla hata hakujakucha. Ujumbe nikaufuta.

Jumatano nikafika 1 Wafalme 13, na hapo ndipo nilipovunjika. Ile habari ya mtu wa Mungu kutoka Yuda, aliyeambiwa asile wala asinywe kule Betheli, wala asirudi kwa njia aliyoendea. Nabii mzee akamfuata na punda, akamkuta ameketi chini ya mwaloni, akamwambia kwamba yeye naye ni nabii na malaika amesema naye: rudi nyumbani kwangu ule. Kisha Biblia inaongeza kasentensi kafupi: "Lakini alimwambia uongo." Mtu wa Mungu akarudi, akala, na njiani simba akamwua.

Sura hii nimeifundisha mara nyingi, na kila mara niliifundisha kwa vijana. Shikeni lile mlilopewa, msiyumbishwe na wakubwa wenye maneno matamu. Sijawahi kujiuliza ningekuwa nani ndani yake. Nimesoma nikamwona yule mzee anavyowaamuru wanawe wamtandikie punda, haraka haraka, nikajijua. Maandiko hayasemi kwa nini alidanganya. Wahubiri wana majibu yao. Mimi nadhani alikuwa mpweke tu. Alikuwa nabii katika mji ambao Mungu amemwita mgeni apite mlango wake, akataka walau mtu mmoja wa kazi yake akae naye mezani. Baadaye akamzika kaburini mwake mwenyewe na kumlilia, "Aa! Ndugu yangu." Nililia naye. Halafu nikajicheka, maana mtu mzima kulia kwa ajili ya tapeli wa Agano la Kale saa sita usiku, ni kituko. Baba watoto akageuka akauliza kuna nini, nikamwambia punda.

Basi baada ya kicheko hicho ndipo nilipoweza kuirudia ile alfajiri bila kujitetea. Ilikuwa saa kumi. Niliamka na uzito kifuani, ule ambao kwenye kikundi tunauita mzigo. Uzito ulikuwepo, sidanganyi. Lakini neno "asiende" halikuja pamoja nao. Nililivisha mimi. Uzito ulikuja uchi, mimi nikatafuta nguo yenye nembo ya Bwana.

Wale wa zamani mnakumbuka yale ya wifi, mwaka ule wa mgogoro wa shamba la mama. Lile neno la kwamba nikamwombe msamaha lilinijia nisilolitaka, nikalikimbia majuma matatu, likawa linanisubiri tu, bila kelele. Liliponipata lilinigharimu mimi. Hili la Jumapili lingemgharimu binti wa kaka peke yake, na mimi lingeniletea kile hasa ninachotaka: abaki, aendelee kuja Jumapili, aendelee kukunja mashati huku ananisimulia. Sisemi Mungu hawezi kukuambia jambo unalolipenda. Ila bei ikilipwa yote na mwingine, ningepaswa kushtuka mapema.

Kuna nabii Agabo pia, Matendo 21, ambaye alichukua mshipi wa Paulo akajifunga miguu na mikono, akasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi Yerusalemu. Aliishia hapo. "Usiende" ilisemwa na wale waliompenda Paulo, huku wanalia. Najua, najua, mstari wa 4 una wale wanafunzi wa Tiro waliomwambia kwa Roho asipande Yerusalemu, na Paulo akapanda. Huo bado unanisumbua na sina haraka nao. Lakini kwa Agabo angalau naona mshono ulipo: la Roho ni lipi, na la machozi ni lipi.

Ningeweza kumwambia, "Mwanangu, naogopa ukienda." Angenijibu. Tungebishana, angenikumbatia labda. Nilipotanguliza jina la Bwana nilimwachia mambo mawili tu, kutii au kumkataa Mungu, na yeye kwa adabu zake akatafuta la tatu: akaniuliza saa.

Jana usiku nimemwandikia: "Nisamehe. Ni baada. Na aliyesema ni mimi."

Alama mbili za bluu zimetokea dakika hiyohiyo. Hajajibu mpaka sasa ninapoandika. Nimeangalia simu mara ambazo sitazihesabu hapa, na kila mara nashikwa na hamu ya kuongeza sentensi ya pili, yenye andiko ndani yake.

Jambo jingine, jicho la kushoto la baba watoto ni jekundu tangu Jumanne. Anasema ni vumbi la kuhamisha mafaili. Asubuhi nimemwona amefumba la kulia kwa kiganja, anatazama kalenda ukutani na hilo la kushoto, kimya, kama anayejipima. Nilipoingia akashusha mkono haraka, akaniuliza leo ni tarehe ngapi.