Siku nilipogonga bodaboda Maji ya Chai

Ilikuwa Jumamosi, saa 12 jioni, nikitoka Moshi kurudi Arusha, na nilipofika Maji ya Chai pikipiki ilichomoka kwenye njia ya vumbi upande wa kushoto ikaingia mbele yangu. Nilikanyaga breki, lakini bampa ilimpata yule kijana wa bodaboda mguuni, akaangukia kando ya lami.

Kabla sijazima injini, mtu mmoja aliinama dirishani akasema, "Mzee, ondoka, watakuchomea gari." Hofu hiyo ina sababu, na dereva anayeona kweli maisha yake yamo hatarini aende moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, asiende nyumbani kwake. Mimi niliona watu wanamkimbilia majeruhi, hawanikimbilii mimi, nikashuka.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame, amsaidie aliyeumia, ataje jina na anuani yake pamoja na namba za gari na mmiliki wake, kisha atoe taarifa polisi, na wajibu huo haungoji ijulikane kwanza nani mwenye kosa. Hapo ndipo wengi tunapopotea, tukianza kubishana nani aliingia barabarani vibaya ilhali mtu bado amelala chini. Niliweka pembetatu za tahadhari mbele na nyuma, nikapiga 112, nikawaomba watu wasimvue kofia wala kumvuta mguu. Mama mmoja muuza ndizi alikunja kanga yake akamwekea chini ya shingo. Jina langu, simu na namba za gari niliziandika kwenye karatasi ya daftari, nikampa kaka wa yule kijana.

Kaka huyo ndiye aliyenivuta pembeni. "Mzee, toa laki na nusu, tuyamalize hapa hapa." Kijana mwenyewe, ambaye sasa alikuwa ameketi, alikubali kwa kichwa. Nakiri kwamba fedha hizo nilikuwa nazo mfukoni. Nilikataa kwa kuwa hakuna aliyejua kilichokuwa ndani ya mguu ule uliokwisha kuvimba, na kwa kuwa mkataba wangu wa bima ulinikataza kuahidi malipo yoyote bila ridhaa ya kampuni. Nilimwambia, "Mdogo wangu, tukimaliza hapa, kesho mguu ukikataa utamdai nani?" Alikasirika, nami sikumlaumu.

Trafiki walipofika gari lilikuwa bado pale pale. Walipima kwa futi alama za breki kutoka ukingo wa lami, wakachora mchoro wa tukio, wakachukua leseni yangu na taarifa za bima, na kijana akaandikiwa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa muundi umepasuka, akafungwa hogo, yaani plasta ngumu. Laki na nusu ingeisha wiki ya kwanza.

Kituoni niliulizwa mwendo. Nilijibu kwamba nilikuwa kwenye 60 mahali ambapo kibao kinataka 50. Rafiki yangu alinilaumu baadaye, akidai nimeharibu bima yangu mwenyewe, lakini kumwahidi majeruhi fidia kwa niaba ya kampuni ni jambo moja, na kumweleza askari kilichotokea ni jambo jingine kabisa. Nilifikishwa mahakamani, nikakiri kosa, nikalipa faini.

Jumatatu asubuhi baada ya ajali niliipeleka taarifa kwa maandishi kwenye kampuni ya bima, kisha nakala za polisi zilipokamilika nikazifuatisha. Bima yangu ni ile ya mtu wa tatu, inayolipia madhara ya wengine na si ya gari langu, hivyo bampa na taa nilizitengeneza kwa fedha zangu, ila matibabu ya kijana yalilipwa. Malipo ya pikipiki yake yalichukua miezi mitano, nami nilikwenda kuyaulizia kila mwezi, kwa sababu muda huo ni mrefu mno kwa mtu ambaye chakula cha watoto wake kinatoka kwenye pikipiki hiyo.