Mwezi wa Kitabuni Umesimama, Wetu Umelala

Kazi yangu ni kutengeneza taa za wavuvi wa dagaa. Kibanda changu kiko karibu na mwalo wa Kirumba, Mwanza, na wateja wangu ni watu wanaoingia ziwani jua likizama na kurudi alfajiri. Zamani walitumia karabai. Siku hizi ni taa za sola na betri, ndiyo maana na mimi nakula. Lakini anayewajua dagaa anajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa hakuna kitu. Dagaa hufuata mwanga, na usiku ambao ziwa zima linang'aa kama sahani, taa yako inamwita nani? Kwa hiyo kila mwezi kuna siku kadhaa ambazo mitumbwi inalala mchangani, nyavu zinashonwa, na fundi wa taa anakaa kutazama watu wakipita. Ndiyo mbalamwezi hiyo. Nyumbani kwangu mbalamwezi maana yake ni hela ndogo na vitabu.

Cha kwanza nilikiona Makoroboi, kimelazwa chini katikati ya riwaya zisizo na majalada na vitabu vya mitihani iliyokwisha kufanywa zamani. Kitabu cha watoto, cha Kiingereza, kina picha za sayari kubwa kubwa na muhuri wa maktaba ya shule fulani huko Uingereza. Muuzaji alitaka 3,000, akaniachia kwa 2,000 kwa sababu kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimeng'oka. Binti yangu yuko darasa la nne. Mimi namsomea nikitafsiri papo hapo, na Kiingereza changu si cha mbio, kwa hiyo nikikwama naruka sentensi. Haimpiti.

"Baba, hapo umeruka."

"Nimefupisha."

"Umeruka."

Basi tunarudi.

Ugomvi wetu wa kwanza na kitabu hicho ulikuwa juu ya mwezi mwandamo. Kitabuni umechorwa umesimama wima, kama herufi C iliyogeuzwa. Binti akautazama, akaenda mlangoni, akarudi. "Huu siyo wetu. Wetu umelala kama mtumbwi." Na kweli, jioni ile ulikuwa juu ya ziwa upande wa magharibi, mwembamba, pembe zote mbili zikiangalia juu, hata ungeweza kuupakia watu. Nimeuona hivyo miaka yote na sikuwahi kujiuliza.

Kitabu hakikuwa na jibu, maana aliyekichora alikuwa akiutazama mwezi wa kwao. Tulilitafuta wenyewe na ndimu. Nikaweka taa ya kazini sakafuni, yeye akaishika ndimu juu yake kwa vidole viwili, nikazima ya darini. Ndimu ikawaka upande wa chini tu, kipande chembamba kama tabasamu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe Jua liko chini yake!" Hapo ndipo na mimi nilipoelewa. Mwanza tuko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua letu linashuka karibu wima, kama ndoo inayoteremshwa kisimani, na mwezi mchanga unalifuata kutokea juu. Likishazama linaumulika mwezi kutokea chini, ndiyo maana tumbo lake ndilo linalong'aa. Uingereza Jua huzama kwa mshazari, limekwenda upande, kwa hiyo mwezi wao huwashwa ubavuni. Miezi mingine hata wetu huinama kidogo, lakini haufiki kusimama vile. Binti alichukua penseli akachora mtumbwi pembeni mwa ukurasa. Sikumgombeza, ingawa mama yake alisema kitabu hakichorwi.

Ugomvi wa pili ulikuwa mkubwa zaidi, na huu ulikuwa wangu mimi na daftari langu mwenyewe. Shule ya msingi tulikariri sayari kwa wimbo: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mars, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Tisa. Naweza kuziimba hata nikiamshwa usingizini. Kwa hiyo tulipofika kwenye ile yenye pete nikasema kwa kujiamini, "Hii ni Sarateni." Binti akaleta kamusi aliyoazima kwa jirani. Kamusi inasema yenye pete ni Zohali. Nikamwambia Zohali ni ile inayofuata. Akafungua tena: Utaridi ni ile iliyo karibu kabisa na Jua. Mimi miaka yote nilikuwa nimeipeleka mwisho wa foleni, kwenye baridi!

Nililichunguza jambo hili mbalamwezi nzima, na leo naweza kumtetea mwalimu wangu kidogo. Majina ya zamani ya Kiswahili yalitoka Kiarabu kupitia kwa mabaharia na wanajimu wa pwani: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Hizo tano tu, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwa macho. Uranus iligunduliwa kwa darubini mwaka 1781, Neptune 1846, Pluto 1930. Hakuna nahodha wa jahazi aliyewahi kuzihitaji. Zilipokuja, foleni ya tisa ikajazwa kwa majina ya burji. Sarateni ni kaa na Kausi ni upinde, yaani yale makundi ya nyota ya wapiga ramli, siyo sayari. Wenyeji wakasukumwa nyuma, wageni wakapewa viti vyao. Sasa nyumbani tunasema Zohali kwa ile yenye pete, nami bado ulimi hunitereza. Pluto yenyewe ilivuliwa cheo mwaka 2006, kwa hiyo wimbo wangu umekosa na hesabu pia.

Wakati wote huo mimi nilikuwa na kitabu changu cha wakubwa, kinene, hakina jalada, nilichopewa na mteja aliyeshindwa kulipa betri. Vitabu vya wakubwa vina ubaya mmoja: vinakupa tarakimu halafu vinakuacha nazo. Dunia mpaka Jua kilomita milioni 150, sawa, nifanye nini? Kitabu cha mtoto kilisema mwanga wa Jua unatumia dakika nane na ushee kufika kwetu, nikaelewa mara moja: Jua ninaloliona likigusa maji ni la dakika nane zilizopita.

Lakini cha wakubwa ndicho kilichonipa habari ya Voyager. Vyombo viwili vilirushwa angani mwaka 1977, kila kimoja kikiwa na santuri ya shaba iliyopakwa dhahabu, ndani yake muziki na salamu za lugha 55, kwa yeyote atakayeiokota huko mbele. Nikakimbilia orodha ya lugha kutafuta yetu. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kuna mpaka Kisumeri, ambacho hakina mtu wa kukizungumza. Kiswahili hakimo. Nilimsimulia nahodha mmoja ambaye mama yake ni Mganda, akacheka mpaka akakaa juu ya boya. "Wakija hao watu, fundi, watashukia Entebbe. Nyie wa Mwanza mtawafuata kwa meli."

Nahodha huyo huyo ndiye mwenye darubini. Nikamwambia kitabu cha mwanangu kinasema baada ya mwezi mpevu, mwezi huchelewa kuchomoza kila siku kwa takriban dakika 50. Akaniangalia kwa huruma. Yeye anaijua saa hiyo kwa tumbo, maana siku za mwisho za mbalamwezi wavuvi huanza kuiba: wanaingia ziwani giza la kwanza na kutega kabla mwezi haujatoka. Na sisi tukaiba hivyo hivyo. Siku ya tatu baada ya mpevu nikaazima darubini, tukapanda na binti kwenye jabali lililo nyuma ya nyumba, Kitangiri huku ambako kila nyumba ina jabali lake. Viwiko tuliviegemeza kwenye jiwe lililokuwa bado na joto la mchana, maana bila egemeo nyota zinaruka kama senene.

Mshtarii ilikuwa juu, nyeupe, haipepesi. Pembeni mwake, kwenye mstari mmoja, vilikuwepo vidoa. Mimi niliviona vitatu. Yeye akasema vinne. Miezi yake hiyo ndiyo Galileo aliyoiona mwaka 1610. Kesho yake tukapanda tena tukakuta vimehama, viwili kushoto na viwili kulia. Vinne. Hakunicheka, alinipa tu darubini nihakikishe.

Nilipokuwa nahakikisha, mwezi ukaanza kutoka nyuma ya vilima, mwekundu. Kule chini taa za mitumbwi michache iliyothubutu zikazimwa moja moja.

Keshokutwa giza linarudi rasmi. Jioni hii nimeshapokea taa kumi na nne, nyingine zina maji ndani, na moja imetafunwa waya na panya. Tumeishia kwenye Titan, mwezi mkubwa wa Zohali, wenye maziwa ya gesi iliyopoa ikawa majimaji kwa baridi ya digrii 179 chini ya sifuri. Moja linaitwa Ligeia, na ni karibu mara mbili ya Ziwa Victoria. Binti anataka kujua kama kule mbalamwezi ipo, maana Zohali ina miezi mingi na yote haiwezi kufichama kwa pamoja. Nimemwambia asubiri. Amekata kipande cha waya mwekundu kwenye boksi langu la kazi, akakiweka katikati ya ukurasa, akafunga kitabu.