Tarehe ya Odino

Wanakwaya wenzangu wa Kisumu walinikabidhi mpango wa safari ya maporomoko ya Odino kwa sababu mama yangu ni mtu wa Nyakach, yaliko maporomoko hayo. Tulikuwa 19. Siku ilikuwa imeshawekwa, Jumatatu ya Pasaka, 2 Aprili 2018, na wengi waliona kilichobaki ni matatu na chakula tu. Niliomba kwanza niende nikaione njia.

Nikaenda Jumamosi moja ya Februari. Ahero, Katito, kisha kupanda hadi Sondu. Pale nikachukua bodaboda mpaka pikipiki ikashindwa, nyumbani kwa dani, ndugu ya nyanya yangu mzaa mama. Kutoka hapo ni miguu. Njia inateremka bondeni bila ngazi wala kibao. Changarawe inateleza chini ya kiatu kama mahindi yaliyomwagika sakafuni, na ukishika kichaka ili usianguke, unashika miba. Nilitazama saa: dakika 40 kushuka, saa nzima na robo kupanda. Mimi peke yangu, mikono mitupu.

Huko chini nilikuta mwamba mweusi mkavu, na maji membamba yakipita pembeni. Roho iliniuma. Utotoni niliyasikia maji yale kabla ya kuyaona.

Dani alinipa uji, akanisubiri nimalize.

"Nani alikwambia uje mwezi huu, nyathina, mwanangu?"

Akanieleza. Mto Sondu, wenye maporomoko hayo, haujazwi na mvua ya Nyakach. Maji yake yanatoka mbali, huko Mau na nyanda za Kericho, kwa hiyo hapa kunaweza kunyesha wiki nzima na mto ubaki vile vile, au kuwe na jua kali na mto uje umefura. Tena tangu mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu uanze kazi mwaka 2008, sehemu ya maji huchepushwa huko juu, yakapita ndani ya mlima na kurudi mtoni huko chini. Odino iko katikati. Inapata kinachobaki.

"Msije mvua ikinyesha," akasema, "na msije ikiwa imesahaulika."

Niliyarudisha maneno hayo kwenye mkutano wetu, na hayakupokelewa vizuri. Watu walishaomba ruhusa kazini, mchango wa shilingi 1,200 ulishatumwa kwa mwekahazina kwa M-Pesa. Nao Machi ule mvua ilishuka kama iliyofunguliwa. Mto Nyando ukafurika, tambarare ya Ahero ikajaa maji. Kijana wetu mmoja wa besi akasema basi tatizo limekwisha, mto umejaa, twende tukauone ukiwa na nguvu zake zote.

Sikumjibu kuhusu mto. Niliwaonyesha kiganja changu, alama za miba zilikuwa bado zinaonekana, halafu nikamtaja mama mmoja wa sauti ya pili aliyekuwa amepasuliwa goti mwaka uliotangulia. Alikuwa wa kwanza kulipa. Nikauliza ni nani atakayemshika kwenye changarawe ile ikiwa imelowa.

Kimya. Yeye mwenyewe akasema, "Mimi nataka kufika. Sitaki kubaki kwa matatu nikiwalindia mifuko."

Tulipiga kura, 11 kwa 8. Safari ikasogezwa hadi Siku ya Madaraka, 1 Juni. Wawili wakaomba pesa zao, wakarudishiwa siku hiyo hiyo bila maneno.

Hapo ndipo nilipoanza kupanga kweli. Nilimpigia mzee wa kijiji ajue tunakuja. Vijana wawili wa pale walikubali kutuongoza, wakalipwa mapema. Mjukuu wa dani alitukatia mikongojo. Kuondoka Kisumu ni saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu mvua za kwetu hupenda alasiri. Na sharti moja nililolishikilia: wa goti atatangulia, na hakuna atakayempita. Mwendo wake ndio mwendo wetu.

Tulishuka hivyo. Mara mbili ya muda wangu wa Februari, labda zaidi. Kijana wa besi alikuwa sambamba naye, kando ya njia, bega lake akimwachia mama aliegemee, akimwambia weka hapa, sasa hapa. Katikati ya mteremko akasimama ghafla, akainua mkono tunyamaze. Yalikuwa yanasikika.

Mwamba ule mkavu sikuuona tena. Umande wa maji ulitulowesha nyuso kabla hatujafika chini. Nilihesabu watu, 17, nikatazama saa. Ilikuwa saa tano kasoro.

"Tunapanda saa ngapi?" mama akaniuliza kwa sauti kubwa, ili nimsikie.

"Saa saba, mama."

"Basi nina wakati," akasema, akakaa juu ya jiwe na kuanza kufungua kamba za raba zake.