Ute wa jicho ukibanduka, retina iangaliwe mpaka pembeni

Jicho limejazwa ute mzito, kama mililita 4 hivi. Karibu wote ni maji, yameshikwa na nyuzi nyembamba za kolajeni. Umri ukisonga, kwa wengi baada ya miaka 50, ute huo huyeyuka, husinyaa, kisha hubanduka kutoka kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Wasioona mbali na waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho huweza kupatwa mapema zaidi. Ute ukibanduka, mtu huanza kuona vidoa au nyuzi zinazoelea, na mimweko ya mwanga pembeni, hasa gizani.

Kubanduka kwenyewe si ugonjwa. Tatizo liko pale ute uliposhikamana mno na retina: hauachii, unaivuta mpaka inachanika. Kati ya watu 10 wanaofika kliniki na dalili hizi zikiwa mpya, mmoja hivi hukutwa na mpasuko. Damu ikiwa imevujia ndani ya ute, wenye mpasuko huzidi nusu. Kwa hiyo anayeona ghafla vidoa vyeusi vingi vidogo, au kitu kama moshi, aende siku hiyo hiyo. Asisubiri jicho liume; retina haina neva za maumivu.

Kusoma herufi ukutani hakutoshi kabisa. Mtu anaweza kusoma mstari wa mwisho na retina yake imechanika, kwa sababu mipasuko mingi hukaa pembeni, mbali na sehemu ya kusomea. Ni lazima mboni ipanuliwe kwa dawa ya matone, daktari aangalie pande zote huku akibonyeza kidogo weupe wa jicho ili ukingo wa retina uonekane. Chembe za kahawia zikielea nyuma ya lenzi, hiyo ni dalili ya mpasuko; utafutwe mpaka upatikane. Damu ikiziba njia, ultrasaundi hutumika. Matone hayo hufifisha uono, hivyo usiendeshe gari siku hiyo. Na hata ukiambiwa retina ni salama, rudi baada ya wiki 4 hadi 6, au mara moja vidoa vikiongezeka: ute huweza kuendelea kuvuta.

Mpasuko ukiwahiwa, leza huuzungushia mistari kama mitatu ya vidonda vidogo, kazi ya dakika chache. Kovu hukomaa kwa takriban wiki 2. Vidoa havitaondoka, na hilo lisemwe kabla, maana wengi hudhani leza imeshindwa.

Usipowahiwa, maji hupenya kwenye mpasuko na kuinua retina. Mgonjwa huona kivuli kinachosogea kutoka pembeni. Kabla kivuli hakijafika katikati, upasuaji ni wa haraka, ikiwezekana ndani ya siku moja. Katikati ikishabanduka, uono haurudi wote mara nyingi.

Baada ya upasuaji huo jicho huenda likajazwa gesi ya kuishikilia retina, SF6 inayokaa wiki 2 hivi, au C3F8 inayofika wiki 8. Ndege ni marufuku mpaka gesi iishe. Ila hata safari ya basi ni hatari: aliyetibiwa Dar es Salaam akipanda Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, gesi hutanuka na presha ya jicho huweza kupanda kiasi cha kupofusha. Mwambie daktari unakoishi kabla hajachagua gesi. Badala ya gesi kuna mafuta ya silikoni yasiyotanuka. Na ukihitaji upasuaji mwingine wowote, hata wa jino, mtoa usingizi ajue una gesi jichoni, asikupe nitrasi oksaidi, gesi ya usingizi inayoingia kwenye gesi ya jichoni na kuitanua.