Nilivyopata kazi kwa uzamili wa elimu bila kuwa mhadhiri

Walimu wenzangu huniuliza kila mara: ukishapata uzamili wa elimu, unakwenda nao wapi? Wana sababu ya kuuliza. Wameona watu waliojibana miaka, wakavaa joho, kisha wakarudi kwenye vipindi vilevile na mshahara uleule. Hata mimi nilirudi hivyo. Mwalimu wa serikali mwenye shahada ya kwanza huanzia daraja la mshahara la TGTS D, na kutoka hapo hupanda kwa muda wa utumishi na utendaji wake. Cheti changu cha uzamili nilikipeleka kwa afisa utumishi, akakiweka kwenye jalada, nikarudi kufundisha kidato cha tatu.

Leo nafanya kazi ya ufuatiliaji na tathmini kwenye mradi wa elimu, na kazi hiyo niliipata kwa uzamili huohuo. Lakini cheti peke yake kisingenifikisha. Kilichonifikisha ni swali nililolibeba kutoka shuleni kwangu nikalifanya tasnifu, na ndiyo maana nataka kueleza hatua kwa hatua.

Nilianza kufundisha mwaka 2011, nikitokea Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilipangiwa shule ya sekondari ya kata mkoani Singida, masomo ya Jiografia na Hisabati. Baada ya miaka michache nikapewa utaaluma, yaani usimamizi wa masomo na mitihani ya shule, na mtaaluma wa shule ya kata hafanyi kazi za taaluma tu. Unakuwa mkono wa kulia wa mkuu wa shule kwa kila kitu, pamoja na fedha.

Januari 2016 elimu bila ada ikaanza. Ada ya sekondari za kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, ikafutwa, na serikali ikaanza kutuma fedha moja kwa moja kwenye akaunti za shule kila mwezi: fidia ya ada, na ruzuku ya uendeshaji inayokokotolewa kwa shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo nusu yake ilibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Wazazi walifurahi, na nasi tulifurahi pamoja nao, kwa sababu tuliona watoto waliokuwa nyumbani wakiingia darasani. Ila mkuu wangu wa shule, mwalimu wa Historia kwa taaluma, sasa alitakiwa kuwa mhasibu. Mwaka 2017 ukaja na FFARS, mfumo wa kuweka hesabu za fedha za vituo vya huduma kama shule, na mipango ya shule ikatakiwa kuoana na PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri. Jioni tulikuwa tunakaa ofisini na vitabu vya fedha, yeye akisoma stakabadhi, mimi nikijumlisha. Mara nyingi aliniambia, "Madam, mimi nilisomea kufundisha watoto, hizi hati za malipo nani alinifundisha?"

Swali lake lilinikaa. Nilijua wakuu wa shule jirani wako katika hali hiyohiyo, na nilijua hakuna aliyekuwa amewauliza.

Wakati huo nilikuwa nimeshaomba Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Nilikichagua kwa sababu sikuweza kuacha kazi. Mikopo ya serikali kwa ngazi ya uzamili si ya kutegemewa na mwalimu wa kawaida, na mwajiri wangu hakuwa na bajeti ya kunisomesha. Chuo Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, kina vituo mikoani, na mtihani unaufanyia kwenye kituo chako. Ada niliilipa kwa alizeti na mkopo wa SACCOS. Mume wangu alibeba mengi ya nyumbani kipindi cha mitihani, na mama mkwe alikuja kukaa na watoto bila kuombwa mara mbili. Nalitaja hilo kwa sababu mwalimu wa kike anayesoma akiwa kazini anahitaji watu, na anayekwambia aliweza peke yake pengine amewasahau.

Nilisoma utawala, mipango na sera za elimu. Kozi za darasani sitazieleza sana. Zilinipa msamiati na mpangilio wa mawazo. Mapinduzi yalikuja kwenye tasnifu.

Wenzangu wengi walikuwa wanatafuta mada "nyepesi", ile ambayo hojaji yake unaweza kuichukua kwa mtu na kuibadilisha jina la wilaya. Msimamizi wangu aliniuliza jambo moja tu: "Mwalimu, shuleni kwako ni kitu gani kinakunyima usingizi?" Nikamweleza habari ya mkuu wangu na vitabu vya fedha. Akasema niandike hicho. Basi andiko langu likawa juu ya namna wakuu wa shule za kata wanavyopanga na kutumia ruzuku ya uendeshaji, na maamuzi gani wanayaweza na yapi hawayawezi.

Kibali cha utafiti kina njia yake. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa afisa elimu sekondari, ndipo unafika kwa mkuu wa shule ukiwa na nakala za kutosha. Usiiruke ofisi hata moja. Mimi kila ofisi niliiacha na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili, wa kueleza ninachotafuta na faida yake kwa halmashauri. Ukurasa ule ulinisaidia baadaye kuliko nilivyodhani, maana afisa elimu aliutunza.

Kwenye fedha watu huogopa kusema. Nilijifunza kutoanza na hojaji. Nilikaa na mkuu wa shule, nikamwomba anionyeshe mpango wake wa mwaka, kisha tukapita kifungu kwa kifungu: hapa uliomba nini, kilikuja nini, ulifanya nini kilipochelewa. Wakafunguka. Mmoja alinieleza jinsi anavyochagua kati ya chaki na karatasi za mtihani wa ndani. Mwingine alionyesha daftari lake mwenyewe, nje ya mfumo, alimoandika deni la duka la vifaa. Yale mazungumzo ndiyo yaliyonifundisha kazi ninayoifanya leo.

Takwimu nilizichambua mwenyewe. Mitaani kuna vijana wanaochambua data za wanafunzi kwa malipo, na walimu wengi huwaachia kazi hiyo kwa sababu ya vipindi na uchovu, nawaelewa. Mimi nilikuwa na Hisabati, nikaamua kujifunza SPSS, programu ya kuchambua takwimu, polepole usiku, na Excel nikaijua hadi kwenye majedwali egemeo (pivot tables). Kama uko kwenye uzamili sasa hivi, nakusihi kwa moyo wote: hatua hiyo usimpe mtu. Ndiyo stadi pekee ya uzamili utakayopimwa nayo kwenye usaili, mezani, na kompyuta mbele yako.

Tulipomaliza, mwaka 2019, darasa letu lilitawanyika. Wengi walikuwa na ndoto ya uhadhiri. Njia hiyo ina mlango mwembamba: vyuo vikuu vinaangalia ufaulu wa shahada ya kwanza, kawaida wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.8, na kwa mhadhiri msaidizi wanataka 4.0 kwenye uzamili. Mtu aliyetoka chuo na 3.4 miaka kumi nyuma hawezi kuirekebisha kwa uzamili mzuri. Ni vizuri ulijue hilo kabla ya kulipa ada, maana nimeona watu wazima wenye akili nyingi wakilijua siku ya kuomba kazi.

Waliofika kwingine ni wengi. Rafiki yangu mmoja alihamia chuo cha ualimu, ni mkufunzi, na anapenda kazi yake kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mwingine ni mdhibiti ubora wa shule, kazi tuliyozoea kuiita ukaguzi. Yeye alipitia pia mafunzo ya Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu kule Bagamoyo. Wapo maafisa elimu kata. Yupo aliyechukuliwa na shule binafsi Dar es Salaam kuongoza taaluma, analipwa vizuri na anachoka vizuri. Yupo anayefundisha Kiswahili kwa wageni, wengi wao kwa mtandao, na uzamili wake wa elimu ndio uliompa mbinu za kuandaa masomo kwa mtu asiyejua hata salamu. Waliosomea mitaala huitupia macho Taasisi ya Elimu Tanzania, na waliosomea upimaji huitazama NECTA, Baraza la Mitihani, lakini huko nafasi ni chache na tangazo likitoka waombaji ni umati.

Na wapo waliobaki darasani. Hawa ndio ninaowafikiria zaidi. Mmoja wao ameifanya idara ya Kemia ya shule yake iwe mahali ambapo walimu wa kata nzima huja kujifunza kuandaa majaribio kwa vifaa vya dukani. Hakuna posho, hakuna cheo, hakuna daraja jipya. Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unadai walimu wa namna yake, wanaoweza kusoma sera, kuitafsiri na kuwafundisha wenzao. Naamini kabisa muundo wa utumishi unapaswa kumtambua mwalimu mwenye uzamili anayebaki na watoto, kwa cheo cha kitaaluma ndani ya shule na fedha inayoendana nacho. Kumwacha aondoke ndipo tumthamini ni hasara kwa nchi.

Mimi nilianza kuomba kazi mwaka huohuo. Matangazo ya mashirika ya elimu yaliandika "uzoefu wa ufuatiliaji na tathmini", na karatasi zangu zilisema mwalimu. Mwanzo sikuitwa. Nikakaa na wasifu wangu nikauandika upya, nikatoa maelezo marefu ya masomo niliyofundisha, nikaweka kazi kama zilivyo: kuandaa na kusimamia ukusanyaji wa takwimu katika shule za halmashauri, kufanya mahojiano na wakuu wa shule, kuchambua, kuandika taarifa, kuwasilisha matokeo kwa wadau. Kila neno lilikuwa kweli. Utaaluma nao ukiuangalia vizuri ni ufuatiliaji: mtaaluma anatunza matokeo ya kila mtihani, anaona somo linaloporomoka, anakaa na mwalimu wake kutafuta sababu.

Kitu cha pili nilichofanya ni kurudisha matokeo. Nilimwomba afisa elimu anipe nafasi kwenye kikao cha wakuu wa shule, nikawasilisha tasnifu yangu kwa Kiswahili chepesi, bila majedwali mengi. Wakuu wale walijiona ndani yake. Wakabishana hadi muda ukaisha. Mtu wa mradi mmoja alikuwa amealikwa kwenye kikao kwa shughuli zake, akaniomba nakala. Tangazo la nafasi lilipotoka, ni yeye aliyeniambia niombe.

Usaili ulikuwa wa vitendo. Tulipewa faili la takwimu za shule, limejaa makosa: shule zimejirudia, idadi ya wanafunzi iko chini ya sifuri, wilaya zimeandikwa kwa tahajia tofauti. Kazi ilikuwa kulisafisha na kuandika ukurasa mmoja kwa mkurugenzi asiye na muda. Faili kama lile nilikuwa nimelishinda mwenyewe nyumbani, usiku, nikiandika tasnifu. Kwenye mazungumzo wakaniuliza kwa nini mkuu wa shule anaweza kutoa takwimu isiyo sahihi bila nia mbaya. Hapo nilizungumza hadi wakanisimamisha kwa adabu.

Kazi yenyewe inanipeleka shuleni karibu kila wiki. Nakaa na wakuu wa shule na vitabu vyao vilevile, tunapanga, tunalinganisha kilichopangwa na kilichofika, na taarifa ninayoandika inasomwa halmashauri. Mkuu wangu wa zamani amekaribia kustaafu. Nilimpitia nikiwa kazini, nikamwamkia, akanionyesha mfumo anavyoujaza sasa mwenyewe.

Ubaya wa kazi hii ni mkataba. Mradi una mwisho, na mwisho ukifika unaanza kuomba tena. Kwa hiyo kwa mwalimu aliyeko serikalini nasema hivi: usiandike barua ya kuacha kazi kwa furaha ya mkataba wa kwanza. Mimi niliomba ruhusa bila malipo, barua ikapitia kwa mkuu wa shule, afisa elimu na mkurugenzi hadi ilipojibiwa, na shirika lilinisubiri kwa sababu niliwaeleza mapema. Omba barua hiyo kabla hujasaini popote, tunza nakala yenye mhuri wa kila ofisi iliyoipokea, na uulize kwa maandishi michango yako ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, itakuwaje kipindi hicho chote.