Jiko la Kusongea Ugali Katika Safari ya Pikipiki

Jioni ya kwanza ya safari yangu ya Lushoto mwaka jana, ugali wangu uliishia mchangani. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam alfajiri kwa njia ya Bagamoyo na Msata, nikapita Segera hadi Mombo, na baada ya kupanda zile kilomita 33 za kona nilikuwa na njaa ya mtu aliyeshinda juu ya tandiko. Jiko langu lilikuwa kile kichwa kidogo cha gesi kinachoskrubiwa moja kwa moja juu ya mkebe, chenye uzito usiofika gramu 100, ambacho kila mwendesha pikipiki wa masafa marefu niliyesoma maandishi yake alikuwa akikisifu. Maji yalichemka upesi, nikatia unga, nikaanza kusonga. Mara ya tatu nilipokandamiza mwiko kwenye ukingo wa sufuria, mkebe uliinama, sufuria ikateleza, na chakula kikaenda chini pamoja na jiko lililokuwa bado linawaka.

Silaumu jiko. Lilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayechemsha nusu lita ya maji, akayamimina kwenye mfuko wa chakula kilichokaushwa, akasubiri dakika chache na kula kwa kijiko. Mtu anayesonga ugali, anayekausha wali au anayeunga dagaa anahitaji jiko linalostahimili nguvu za mkono, na moto unaoweza kupunguzwa sana bila kuzimika. Kwa sababu hiyo siku hizi naanza kwa kujiuliza nitapika nini, ndipo nauliza kuhusu gramu.

Nililochukua badala yake ni jiko lenye miguu yake yenyewe, lililounganishwa na mkebe kwa mpira. Lina uzito unaokaribia mara mbili ya lile la kwanza, lakini sufuria hukaa chini karibu na ardhi, miguu hutanuka, nami naweza kushika sufuria kwa kibanio huku mkono wa pili ukisonga. Faida yake nyingine ni upepo. Kwa kuwa mkebe uko mbali na moto, unaweza kulizungushia jiko kinga ya upepo pande zote, jambo ambalo ni la hatari kwa jiko linalokaa juu ya mkebe, kwani joto likirudi kwenye mkebe shinikizo la gesi hupanda na mkebe unaweza kupasuka. Kinga yangu ilitengenezwa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kwa kipande cha bati la alumini kilichokunjwa mara sita. Fundi aliligeuzageuza jiko kwenye kiganja chake akaniuliza, “Kaka, hili ni la kupikia au la mtoto kuchezea?” Hata hivyo alizikunja kingo zote kwa ndani ili zisinikate vidole, nami sikuwa nimemwomba.

Kazi kubwa zaidi ni kupata gesi yenyewe. Mitungi ya kilo 6 imejaa kila mtaa, lakini ukihesabu na chuma chake uzito unapita kilo 10, na hakuna keria ya pikipiki ya cc 150 inayostahili adhabu hiyo. Mikebe midogo ya kuskrubu ni adimu, kwa hiyo nabeba adapta inayoniwezesha kutumia mikebe mirefu ya gramu 227, ile ya majiko ya mezani. Mikebe hii ina mrija uliopinda kwa ndani, na unapoilaza chini ni lazima ule mkato ulio kwenye ukingo wake uelekee juu, la sivyo gesi itatoka ikiwa bado kimiminika na moto utaruka ghafla. Vilevile, mingi imejazwa butani, ambayo hugoma kugeuka mvuke kadiri baridi inavyokaribia nyuzi 0. Hapa Dar es Salaam hilo halitusumbui kamwe. Atakayelala karibu na Kitulo mwezi wa Julai, mahali palipo juu ya mita 2,500, aulaze mkebe ndani ya blanketi lake usiku, asubuhi atakunywa chai bila kusubiri jua.

Jiko la petroli lina sifa moja kubwa: mafuta yake yamo tayari kwenye tangi la pikipiki. Ningelichagua kwa safari ya wiki mbili kuelekea Mpanda. Kwa safari za siku nne au tano sioni sababu ya kubeba pampu na chupa, wala ya kuzibua tundu la mafuta kwa sindano huku vidole vimejaa masizi. Jiko la spiriti ni jepesi kuliko yote na halina kinachoharibika, ila spiriti hutoa takriban nusu tu ya joto la gesi yenye uzito uleule, na mwali wake hauonekani mchana. Niliwahi kuliongezea spiriti nikidhani limezima, na vinyweleo vya mkono wangu wa kulia vilichukua muda kurudi. Mkaa nauachia wenye magari.

Kuhusu sufuria, titaniamu husifiwa kwa wepesi, ingawa kwa ujazo uleule ni nzito kuliko alumini. Wepesi wake unatokana na uimara, unaoruhusu sufuria itengenezwe nyembamba sana. Alumini husambaza joto zaidi ya mara 10 kuliko titaniamu, na tofauti hiyo utaiona kwenye wali: katika titaniamu unaungua katikati, duara la ukubwa wa mwali, huku pembeni ukiwa bado na kiini. Sufuria mbili za kawaida za Kariakoo, moja ikiingia ndani ya nyingine, zinanitosha kabisa. Kati yake naweka kipande cha kanga kuukuu, kwa sababu mtikisiko wa barabara ya vumbi huzisugua hadi zinatoa unga mweusi unaoingia kwenye chakula.

Maharage sipiki. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, na maharage yangemaliza mkebe kabla hayajaiva. Hayo namwachia mama ntilie, ambaye anayapika vizuri kuliko mimi.

Vyote pamoja, yaani jiko, mkebe mmoja, sufuria, kinga, kikombe na mwiko nilioukata mpini, vina uzito wa kilo moja na nusu hivi, navyo vinakaa chini kabisa ya mfuko wa pembeni, upande usio na ekzosi. Kilichonishinda hadi leo ni kikaango cha chapati.