Shikamoo haina sabtaito

Jamani mkiona muvi imebeba tuzo huko nje msidhani kazi ni kamera tu, ngoja niwasimulie yaliyotukuta hapa Bagamoyo.

Mshikaji wangu kamaliza filamu yake fupi, dakika 14, nyingi kapiga alfajiri pale soko la samaki, akataka kuituma kwenye shindano la tamasha moja la kimataifa. Fomu inasema kama hawaongei Kiingereza weka sabtaito za Kiingereza, na dedilaini zimebaki siku mbili. Akaniita mimi eti kwa sababu nilikuwa naongozana na watalii kule kwenye magofu ya Kaole, haya.

Sasa sini ya kwanza tu tukakwama. Mjukuu anarudi kutoka Dar baada ya miaka, anamkuta bibi anaparua samaki, anamwambia "shikamoo bibi". Bibi kimya. Anaendelea kuparua. Basi, muvi nzima iko hapo, wewe na mimi tukiona tu tunajua huyu mtoto kafanya jambo zito, mtu mzima hanyimi marahaba hivihivi. Tukiandika "good morning" jaji ataona bibi hajasikia, au mzee masikio yamechoka. Tukajaribu ile ya nashika miguu yako, tukacheka mpaka umeme ukakatika, mtu wa Ulaya si atangoja aone mtoto anainama kushika miguu! Kuelezea nako hakuna nafasi, sabtaito ni mistari miwili basi. Angekuwepo Lufufu, yule aliyekuwa anatafsiri muvi za nje kwa sauti yake kwenye mikanda ya vibanda vya video, angetumalizia kwa sentensi moja, "bibi kamnunia huyo!", na kibanda kizima kingeelewa.

Na hii si shida yetu peke yetu. Ukitaka kuingia Oscar kwenye filamu za kimataifa, zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe Kiingereza, halafu chini uandike Kiingereza, yani usikiongee ila ukiandike. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ile ya riwaya ya Adam Shafi, ilipita njia hiyo, ikaonyeshwa tamasha la filamu la Toronto 2021 na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka Oscar, mara ya mwisho kupeleka ilikuwa Maangamizi mwaka 2001, hesabu mwenyewe. Mi kile Kiswahili cha Unguja pale nilikuwa nakila kama halua, nikawa najiuliza wa Toronto wanapata robo ngapi.

Mshikaji yeye ndoto yake ni Golden Dhow, lile jahazi la dhahabu, tuzo ya ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar hapo ng'ambo, nikamwambia majahazi si yamejaa hapo ufukweni kachague. Akanuna. Akasema basi hata FESPACO, tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, Burkina Faso, wao mshindi anapewa tuzo ya sanamu ya farasi wa Yennenga, ila ni kila baada ya miaka miwili, uvumilivu huo hana.

Mwisho saa tisa usiku tukaacha neno lenyewe, "Shikamoo, bibi", bila tafsiri, na ule ukimya akaurefusha sekunde nne. "Pole" ilitusumbua pia ila ile tuliifuta tu kwa hasira. Bando likaisha faili likiwa asilimia 91, nikakimbia kuamsha jirani anipe hotspot, likaingia.

Majibu bado. Jana kanipigia saa sita usiku, hakuna salamu hakuna nini, anauliza, "Hivi wataelewa kweli kwamba bibi alisikia?"